Magadi kwenye Mlenda wa Martina

Kwao Masumbwe watu walicheka mpaka mbavu zikawauma waliposikia Martina, na digrii yake ya kemia, ameajiriwa Shinyanga kutazama mboga ya mlenda. Acha wacheke. Utelezi wa mlenda ni polima, nyuzi ndefu zisizoonekana kwa macho, na Martina alitaka zinase tope kwenye maji ya kuoshea dhahabu, yale ambayo kwao ng'ombe huyanywa na watu huyanywa.

Kifaa chake kilikuwa kipande cha silikoni cha kuenea kiganjani, chenye mfereji mwembamba kama unywele, uliobanwa katikati. Anasukuma mlenda kwa sindano, anachungulia kwa hadubini. Mlenda mzuri ukifika penye kubana hugoma kwanza: nyuzi huvutika, na pembeni maji huzunguka. Wa masika, alioutwanga mwenyewe, ulizunguka vizuri kweli. Ndio uliowaleta wafadhili. Wakiridhika, kazi inaendelea. Wasiporidhika, chumba kinafungwa.

Lakini wageni walikuja kiangazi, majani mabichi yamekwisha. Akamwomba mama yake, Mbuke, unga wa mlenda mkavu. Ukaja kwa basi, ndani ya kopo.

Mbele ya wafadhili mlenda ulipita kama maji ya bomba. Martina akaongeza kasi, akapunguza, akabadili sindano. Wapi! Mkuu wake, Davis, akaacha kuchungulia, akawa anatazama viatu vyake. Wageni walishukuru kwa ile adabu inayouma kuliko tusi, wakaenda zao. Wiki iliyofuata chumba kikapewa watu wengine.

Alirudi Masumbwe na begi lake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kopo lilifika?"

"Lilifika. Uliutwanga na nini?"

Mbuke akamshangaa. "Si na magadi! Mlenda bila magadi nani anakula?"

Martina akakaa chini. Magadi ni chumvi, na kwenye chumvi nyuzi zile hujikunyata, hazivutiki tena. Hilo alilijua tangu chuoni, na mlenda wenye magadi ameula tangu aote meno, ila kuuliza mapema hakuuliza. Akampigia Davis. Davis akampa pole. Wale wageni hawarudi.

Mama yake akaingia jikoni, akatoka na kopo jingine, kubwa kuliko lile.

"Nilijua utaufuata. Safari hii magadi nimekutilia ya kutosha."