Kisima cha Wenye Hisa

Mwanangu, siku moja ya mnada pale Tinde naikumbuka hadi leo, maana ndiyo siku niliyokwenda kuuza hisa yangu. Uhuru ulikuwa bado mpya. Nilikuwa nimeuza mtamba wa urithi wa baba, nikanunua hisa moja katika kampuni ya mashine ya kusaga. Kaka zangu walinicheka. Ng'ombe huzaa, walisema, karatasi itazaa nini? Nami nina kiburi changu, hata sasa hakijaniisha.

Mwaka wa kwanza gawio likaja, fungu langu la faida, nikatembea kifua mbele. Mwaka wa pili kampuni ikachimba kisima nyuma ya mashine ili wanakijiji wachote bure, na wenye hisa tukaambiwa gawio hakuna. Niliumia sana. Sikuwa na kingine duniani ila ile karatasi.

Nikamfuata Mzee Masanja, mwenyekiti wetu.

"Shikamoo, baba. Nataka kuuza hisa yangu. Kisima hakisagi mahindi."

"Marahaba, ng'wanawane," akaitika, ndivyo Kisukuma kinavyosema mwanangu. "Utauza. Lakini kuuliza si ujinga. Kaa kwanza mlangoni pa mashine, uwaulize kina mama kwa nini wanasaga kwetu na si kwenye mashine nyingine kule barabarani. Kisha uje tuzungumze."

Nikakaa. Mmoja akasema ni maji, anasaga na kuchota kwa safari moja. Kumbe kisima kinaleta wateja. Wa pili akasema unga wetu ni laini. Wa tatu akacheka: "Mimi? Mashine ya kule imeharibika." Nikarudi kwa mzee kichwa cheupe kwa unga, na sijui zaidi ya nilivyokwenda.

"Basi baba, kisima kinatulipa au hakitulipi?"

"Hata mimi sijui," akasema. "Huenda tulichimba kwa sababu tulikuwa tumeshapata faida. Ng'ombe akinenepa, utajuaje ni majani ya bonde lipi? Ila mimi sikukichimba ili kinilipe. Tunapiga kelele na kutoa moshi katikati ya watu, tuwaachie na kitu."

Jibu hilo lilinikera, nilitaka ndiyo au hapana. Lakini mtu mzima mwenye hisa nyingi kukiri kwamba hajui, hilo nilikuwa sijaliona, na udadisi ukanizuia kuuza. Nikasema ngoja nitazame.

Mwaka uliofuata gawio likarudi. Wengine wakasifu kisima, wengine wakasifu mvua. Kisha mvua yenyewe ikakosekana. Mahindi hakuna, mashine kimya, na gawio nani angeliuliza? Lakini uani, pale kisimani, watu walijaa. Nami nilipanga foleni na ndoo yangu, kaka zangu nyuma yangu, na hakuna aliyecheka. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Sasa wewe una hisa zako za mjini, unaniuliza kama kampuni inayowatendea wema majirani huwapa faida zaidi wenye hisa wake. Nimelichunguza tangu ujana, sijalimaliza. Anayekuapia kwamba wema hulipa kila mwaka, mwulize maswali. Anayekuambia ni hasara tupu, mwulize zaidi. Gawio lako lidai, ni haki yako. Ila kabla hujanunua, nenda ukaone majirani wa kampuni hiyo wanakunywa maji gani.

Mungu akupe mali, mwanangu, na akujalie majirani watakaofurahi kwamba unayo.