Bomba Lililovuja Petta

Ipo siku moja naikumbuka sana, mwanangu, ya msimu wa mahindi kule Petta, karibu na Tororo, Uganda. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na mjomba alikuwa ameniachia shamba lake nilisimamie. Nilijiona mkubwa. Tulikuwa na wafanyakazi watatu wa kupiga dawa ya kuua majani. Mmoja wao aliitwa Nyafwono, mama wa watoto wawili, mchapa kazi asiye na maneno mengi.

Asubuhi hiyo alinijia na bomba la kupigia dawa mgongoni. "Dada, hii bomba inavuja. Mgongo yangu imelowa."

Nikatazama mawingu upande wa Tororo. Mvua ikinyesha kabla dawa haijakauka, kazi yote ni bure. "Maliza kwanza hiyo mistari," nikamwambia, "tutalitengeneza baadaye."

Akageuka, akaendelea. Mdharau mwiba mguu huota tende, wazee walisema, lakini siku ile mguu uliovimba haukuwa wangu.

Mchana alikaa chini, akasema kichwa kinamuuma na mgongo unawaka moto. Tukamnywesha maziwa, kwa kuwa ndivyo watu walivyozoea. Hakuna aliyefikiria kumvua lile gauni lililolowa dawa. Tulipomfikisha kituo cha afya kwa bodaboda, muuguzi alimvua, akamwosha kwa sabuni na maji mengi, kisha akaniuliza ni dawa gani. Sikujua. Nilikuwa nimeinunua sokoni Busia, imepimwa ndani ya chupa ya soda.

Nyafwono alipona, ila ngozi ya mgongo ilibanduka, akalala kifudifudi wiki tatu. Nilipokwenda kumwona, mama mkwe wake alinipa kiti, akanikaribisha vizuri. Kisha akasema taratibu, "Binti yangu, dawa ya kuua majani haijui hili ni jani, hii ni ngozi. Wewe ndiye wa kujua. Na huyu alikuambia."

Nyafwono alikuwa ameelekeza uso ukutani, wala hakugeuka. Hakurudi tena kunifanyia kazi, na sikumlaumu.

Basi mwanangu, ukipata watu wa kukulimia, bomba likivuja kazi isimame, hata kama mvua iko mlangoni. Mpe mtu glavu, buti na nguo ya mikono mirefu kabla hujampa dawa. Nunua dawa iliyo katika chupa yake yenye maelezo, uyasome; usipoweza, tafuta wa kukusomea. Upepo ukivuma, ngojeni. Dawa ikimmwagikia mtu, mvue nguo na umwoshe papo hapo, ndipo umkimbize kituoni pamoja na ile chupa. Na mfanyakazi akikuambia pana tatizo, mwamini mara ya kwanza. Mimi nilisubiri ya pili.

Mungu akujalie mavuno, na kila atakayeshika jembe lako arudi kwake mzima.