Mkubwa Alipoulizwa Kama Tutaamka Nyumbani

Mwaka ule wa uchaguzi, wa pili tangu vyama vingi virudi, binti yangu alikuwa na mimba ya kwanza, mwezi wa tisa, na mimi nililala na viatu miguuni. Sisemi kwa mfano. Viatu vyenyewe, kamba zimefungwa. Kibera yote ilikuwa inanong'ona kwamba kura zikishahesabiwa kuna watu watafukuzwa kwenye nyumba zao, na hakuna aliyejua ni akina nani.

Nilikaa Kianda, humo humo Kibera. Kazi yangu ilikuwa ukunga. Shule niliacha darasa la tatu, lakini mikono yangu ilisoma hadi mwisho. Mwanamke akishikwa na uchungu, watu walinigongea mimi kabla ya kumfikiria daktari, na katika miaka yote hiyo nilipoteza mama mmoja tu. Mmoja. Huyo sijamsahau.

Binti yangu aliishi Kawangware na mumewe, fundi wa kutengeneza vitanda. Sisi ni watu wa Magharibi, mkwe wangu kwao ni kando ya ziwa. Kabla ya mwaka ule jambo hilo lilikuwa la kutaniana kwenye harusi. Mwaka ule likawa jambo la kuzungumzwa mlango umefungwa. Ukaingia uvumi kwamba vitabu vya kliniki, vile vinavyoandikwa jina la mama, jina la baba wa mtoto na wilaya ya nyumbani, vinanakiliwa usiku ili ijulikane nani analala wapi. Mkwe wangu akaamini. Binti akachoma kadi yake ya kliniki kwenye jiko la makaa na hakurudi kupimwa tena. Na mimi, badala ya kumgombeza, nilifurahi. Nakiri. Nilisema, "Kliniki ya nini? Mama yake si niko?"

Jumapili moja baada ya kanisa mwenye ploti yetu alituita wapangaji wake. Alikuwa na televisheni ya betri ya gari, na mchana huo mmoja wa waliotaka kiti cha juu kabisa alikuwa anahojiwa. Siku hizo wagombea hawakusimama pamoja kujibizana kama siku hizi. Waliketi mmoja mmoja mbele ya mtangazaji. Jina la huyu silisemi. Kila mtu alikuja na kigoda chake, na mimi nilikuja na jambo moja tu la kusikia: kama binti yangu azalie hapa Nairobi au nimpakie basi la kwenda nyumbani na tumbo lile.

"Mathe, keti mbele," fundi wa viatu, mpangaji mwenzangu, akaniambia. "Leo tunataka kuona hata jasho lake."

"Nyamaza basi, tusikie," nikamjibu.

Mtangazaji alikuwa kijana mwenye miwani. Aliuliza mambo ya deni la nchi, hatukuyajali. Kisha akauliza, "Mheshimiwa, mtu anayeishi mtaa wa makabila mengi akipiga kura tofauti na jirani yake, unamhakikishia kwamba kesho yake ataamka nyumbani kwake?"

Tukasogeza vigoda mbele.

Mkubwa akatabasamu. Akasema hilo ni swali muhimu sana. Akasema yeye alipokuwa mtoto alienda shule bila viatu, umande ukimkata miguu. Kutoka kwenye umande akaingia kwenye barabara, kutoka kwenye barabara akaingia kwenye bei ya mahindi.

"Sasa mahindi yametoka wapi?" mama wa kuuza sukuma wiki akauliza.

"Hiyo ni chenga, mathe," fundi wa viatu akasema. "Ameacha kipa amelala chini."

Tukacheka. Mtangazaji hakucheka. "Mheshimiwa, nimeuliza kama ataamka nyumbani kwake."

Mkubwa akachukua glasi ya maji, akanywa polepole, akapangusa midomo. "Wakenya ni watu wa amani," akasema. "Na wale wanaoleta uchochezi wanajijua."

Kicheko kikafa hapo hapo.

"Wanajijua ni akina nani?" mama wa sukuma wiki akauliza. "Ni sisi? Mimi sijijui!"

Mkunga huuliza maswali. Mwanamke akija na uchungu humwuliza, umekunywa dawa ya miti? Asiyekunywa husema hapana, hata akiwa anapiga kelele. Aliyekunywa huanza kunieleza habari za mama mkwe wake. Kwa hiyo sikuhitaji mtu wa chuo kikuu anitafsirie. Mtu yule alikuwa anajua jambo na hakutaka kulisema.

Likaingia tangazo la mafuta ya kupikia, watoto wanaimba. Nikamgeukia mwenye ploti.

"Baba, na wewe? Wakija hapa wakwambie utoe watu fulani, utatutoa?"

"Mama, wewe ni mtu wangu wa siku nyingi."

"Hilo najua. Utatutoa?"

Akainama akashika waya wa betri. "Tuombe Mungu. Betri inaisha, wacha nizime."

Haikuwa inaisha. Picha ilikuwa safi kabisa.

Asubuhi yake familia mbili za ploti yetu ziliondoka na magodoro kichwani. Fundi wa viatu, yule mcheshi, alikuwa mmoja wao. Hakuaga mtu. Nikachukua chupa yangu ya mafuta ya kukandia, nikakatiza mtaa wa Jamhuri kwa miguu, nikavuka Ngong Road, nikaelekea Kawangware. Nilikuwa nimeamua: tutapanda basi siku hiyo hiyo, nimzalishe nyumbani kwetu.

Kwetu mama mkwe haingii ovyo nyumbani kwa mkwe wake, wala hawakai karibu, wala hawashikani mikono. Nilipofika, mkwe wangu alitoka nje akasimama mbali karibu na mbao zake, uso ameugeuza. Nikaingia.

Binti alikuwa amelala. Uso wake ulikuwa umevimba hadi macho yakawa madogo. Nikabonyeza mguu wake kwa kidole gumba, na shimo likabaki. Nikamkanda tumbo kwa mafuta, nikatafuta kichwa cha mtoto. Kilikuwa ubavuni, mtoto amelala kama gogo lililoziba mlango. Nikajaribu kumgeuza taratibu, kama nilivyogeuza wengine wengi. Hakusogea hata kidogo. Yule mama mmoja niliyempoteza alikuwa na miguu kama hiyo.

"Mama," binti akasema, "naumwa kichwa tangu juzi. Ni kawaida?"

"Mtoto ana nguvu. Anacheza vizuri."

"Sikuulizi mtoto. Nitapona?"

"Wanawake wa kwetu huzaa vizuri," nikasema. "Mimi wewe nilikuzaa asubuhi, jioni nikapika. Na bibi yako..."

"Mama. Hujanijibu."

Nikajisikia. Nilikuwa natabasamu! Lile tabasamu la jana la yule mtu wa kwenye televisheni lilikuwa kwenye mdomo wangu, na mwanangu alikuwa ananitazama kama sisi tulivyomtazama mtu yule. Nikaona aibu, na hofu ikanishika zaidi ya ile ya kufukuzwa.

"Mtoto amelala vibaya," nikamwambia. "Na wewe una ugonjwa ambao mimi siuwezi. Ukikaa hapa utakufa. Ukipanda basi utakufia njiani. Twende hospitali sasa."

Alilia kidogo. Kisha akasema, "Haya," akaanza kutafuta leso yake. Hakuniuliza lingine.

Nikatoka mlangoni nikamwita mumewe. Akaniambia bila kunitazama, "Hospitalini wataandika jina langu, mama. Na kwetu. Wiki hii?"

"Waandike."

"Lakini si wewe ulisema utamzalisha? Tulikutegemea."

"Nilisema. Nilikosea."

Maneno hayo sikuwa nimewahi kumwambia mkwe, na nadhani hata mume wangu marehemu hakuyasikia.

Jirani yao mmoja alikuwa na pikapu ya kubeba kabeji. Mkwe wangu alikuwa ameonywa na watu wake asimwamini mtu huyo, kwa sababu ya kabila. Nikamwendea mimi. Akatazama mlangoni, akaona ule uso uliovimba, akaanza kutupa magunia chini bila kuuliza kitu. Tukaketi nyuma, binti katikati, mimi upande huu na mkwe upande ule. Kwenye kila shimo la barabara tulimshika asirushwe, na mikono yetu, wangu na wa mkwe wangu, ikakutana mgongoni mwake ikabaki hapo. Hakuna aliyeondoa wake. Mahali pawili tulipita vijana wamesimama kando ya barabara. Sijui walikuwa wanangoja nini. Niliinamisha kichwa, nikahesabu pumzi za mwanangu.

Hospitalini muuguzi alifungua kitabu. Benchi lilikuwa limejaa wanawake wa kila lugha, na wote wakageuka walipomsikia akiuliza.

"Jina la baba wa mtoto? Wilaya ya nyumbani?"

Mkwe wangu akanitazama. Mara ya kwanza machoni. Kisha akasema majina yake yote, na la baba yake, na wilaya, kwa sauti ambayo hata aliyekuwa mlangoni aliisikia.

Muuguzi akaandika. "Kadi ya kliniki?"

"Tuliichoma," nikasema.

"Mlichoma? Kwa nini?"

"Tuliogopa."

Akaweka kalamu chini. Nilitarajia matusi. "Hata mimi naogopa, mama," akasema. "Mshike huku, tunampeleka ndani."

Walimpasua. Daktari alitoka jasho limemjaa shingoni, akasema tungechelewa mpaka jioni angekuwa anatupa habari nyingine. Mama yuko hai, mtoto ni msichana. Mkwe wangu akakaa chini sakafuni pale pale, mgongo ukutani, akajifunika uso.

Kura zilikuwa bado, na hakuna aliyekuwa amejibu kama tutaamka nyumbani. Muuguzi akaja na kifurushi cha blanketi la kijani akanyoosha mikono kwangu. "Haya, bibi, mpokee."

Nimepokea watoto gizani, kwenye matope, mmoja kwenye choo cha kanisa, na mikono haikunitetemeka. Siku hiyo nilimwambia asubiri. Nikatafuta benchi kwanza, nikaketi, nikabana viwiko kwenye mbavu, ndipo nikamwambia anipe.