Mkato Ukingoni mwa Dhahabu

Niliuza ng'ombe wawili wa maziwa nikanunua sarafu moja. Ndiyo, moja. Nilifundisha historia hadi nikastaafu. Wenzangu wakaanza kufuga kuku, mimi nikaanza kukusanya sarafu za dhahabu za India ya kale. Hiyo ilikuwa ya tatu, na adimu kuliko zote. Niliuziwa na mjane wa mfanyabiashara hapa Babati mjini, alipokuwa anahamia kwa wanawe. Babu wa mumewe ndiye aliyekuja nayo kutoka Bara Hindi.

Ni ndogo, haizidi ukucha wa kidole gumba. Upande mmoja mfalme amesimama, anadondosha ubani kwenye madhabahu. Upande wa pili mungu wa kike ameketi juu ya ua, na mikunjo ya nguo yake unaiona mmoja mmoja. Zaidi ya miaka elfu moja na mia tano, na mikunjo bado ipo! Nilipoishika mara ya kwanza nilikosa la kusema, na wanaonijua wanajua hilo si jambo dogo.

Mume wangu naye alinyamaza, ila kwa namna yake. Miezi minane hakutaja ng'ombe. Alikuwa anapita kwenye zizi tupu pale kwetu Sigino, anaingia ndani, anakunywa chai ya rangi. Ukimya ule ulinichoma kuliko ugomvi. Siku moja nikamwambia, "Vaa viatu, twende kwa sonara. Kama ni feki, ujue umeoa mjinga."

Sonara alitoa jiwe jeusi. Sarafu inasuguliwa pale, mstari unaobaki kwenye jiwe unadondoshewa tindikali, na dhahabu ya uongo inafutika.

"Usimkwaruze mfalme wangu!" nikafoka.

"Sasa mama, nitajuaje?"

Hata hivyo akachukua kwanza lenzi, akaizungusha sarafu taratibu. Alipofika mahali fulani ukingoni mwake, akaacha kuizungusha. "Mama, kuna aliyekutangulia," akasema.

Palikuwa na mkato mdogo wa kisu, wa zamani sana, kingo zake zimeshalainika. Alitueleza kwamba wafanyabiashara wa kale walikata hivyo kuona kama ndani kuna shaba iliyopakwa dhahabu. Humu ilikuwa dhahabu mpaka chini. Akarudisha jiwe lake kwenye droo.

Nikachukua lenzi nikatazama. Mfalme nilishamzoea. Huyu mwenye kisu ndiye aliyenitoa machozi, mtu wa sokoni tu, jina lake halijulikani popote, na mashaka yake ya siku moja yako mkononi mwangu Babati.

Mume wangu akaomba lenzi. Aliinama muda mrefu, hata sonara akaanza kuhudumia mteja mwingine.

"Kumbe na yeye aliogopa," akasema polepole.

Miezi minane yote nilidhani amekasirika.