Koti Nyuma ya Dirisha

Siku za kazi Marketta Hyvönen alichonga meno ya bandia katika karakana moja ya Jyväskylä, na Jumamosi alimtafuta mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Yote mawili aliyafanya kwa miwani ileile na uso uleule mkavu.

Mtu huyo ni Orvena, bawabu katika Milango Tisa, mchezo wa karata wenye malimwengu tisa na hadithi moja isiyokwisha. Kila toleo jipya la karata huisogeza hadithi kidogo, na kabla ya toleo linalofuata wachezaji hubashiri yajayo kwa kuchungulia picha. Orvena alijifungia ndani ya ulimwengu unaoungua ili wenzake wapone. Watu walimlilia wiki moja, wakapata wengine wa kuwalilia. Marketta yeye alibaki naye. Katika karata ya baadaye, ile ya karamu ya mavuno, aliona pembeni kabisa, nyuma ya dirisha, kitu cheusi chenye mabega. Akasema ni Orvena, yu hai, atarudi. Alimpenda, basi, hakuna haja ya kulizungusha jambo.

Dukani kwa Kalevi, wanakochezea, wana mila yao. Kila ubashiri huandikwa kwenye kikaratasi na kubandikwa ukutani. Ubashiri ukifa, yaani ukionekana si kweli, mwenyewe huubandua kwa mkono wake, kisha huoka maandazi ya mdalasini, nao wenzake huyala bila kumpa neno la faraja. Wanayaita matanga. Marketta alikwisha kuoka mara nyingi kwa bashiri ndogo ndogo, lakini huu wa Orvena ulikuwa umekaa ukutani hadi karatasi ikageuka manjano.

"Mama, huyo amekuwa majivu zamani," alisema Urho, fundi bomba, mbishi wa kuzaliwa. "Mwache apumzike, na sisi tule."

"Utakula siku ya matanga yako wewe," Marketta akamjibu bila kuinua macho.

Jumamosi moja Kalevi alimwalika Sanelma, mchoraji wa baadhi ya karata zile, aje kuzitia sahihi. Urho akajipenyeza mbele ya foleni makusudi, akaiweka karata ya mavuno mezani.

"Bibie, hebu tuamulie ugomvi. Huyu nyuma ya dirisha ni nani?"

Sanelma akainama, akacheka kidogo. "Si mtu huyo. Ni koti kwenye msumari. Kona ilikuwa tupu mno, nikaijaza."

Wachezaji wakamgeukia Marketta. Hata Urho hakufurahi kama alivyotarajia. Akaanza kutazama viatu vyake. Miaka yote ile Marketta alikuwa akilitetea koti. Ilimuuma, na usoni ilionekana. Alikwenda ukutani, akashika ukingo wa kikaratasi, akaanza kukibandua. Kikafika nusu. Akageuka.

"La nani?"

"Nini, dada?" akauliza Sanelma.

"Hilo koti. Ni la nani? Mavuno yenyewe wakati wa joto, wote mezani wako mikono wazi. Nani kaja na koti zito hivyo?"

Sanelma akainama tena. Akaisogeza karata karibu na macho.

"Kwa kweli sijui."

"Mwenyeji hutundika koti lake ndani, si huko nyuma ya nyumba; hilo ni la mgeni," alisema Kalevi kutoka kwenye kaunta.

Urho akavuta kiti, akakaa. Akajikuna shingo. "Na huyu mgeni," akasema polepole, kama anayekubali kung'olewa jino, "inaonekana hakutaka kuonwa. Aliingia mahali. Hapo nyuma pana mlango, au hapana?"

"Nilichora nusu yake tu," alisema Sanelma.

Wachezaji wakaanza kusogea, mmoja mmoja, hadi foleni ya sahihi ikavunjika. Marketta alikuwa bado amesimama ukutani, kidole juu ya kikaratasi. Sanelma akamgeukia, akamuuliza kwa sauti ndogo, bila mzaha wowote:

"Unadhani Orvena atalirudia koti lake lini?"