Ndizi za Bei ya Shamba

Juzi sokoni Tukuyu, nikiwa nachagua ndizi kwa mama mmoja wa Kisondela, mwalimu mmoja alishuka kwenye bodaboda, suruali imejaa matope.

“Mama, nipunguzie. Natoka kwako sasa hivi, nilifuata ndizi za bei ya shamba. Mzee kaniambia umezileta huku.”

Mama akaitazama ile suruali taratibu. “Kwani hukujua leo ni siku ya soko, mwalimu? Bei ndiyo hiyohiyo.”

“Na nauli yangu?”

“Mimi nimekuja kwa miguu, mkungu kichwani. Hiyo nauli ungenipa mimi, ningekuletea mpaka mlangoni.”

Mwalimu akalipa, akapakia mkungu kwenye bodaboda ileile, akaenda kwake, mtaa wa pili kutoka sokoni. Hali ni ngumu, ndugu zangu. Lazima tubane matumizi.