Msimu wa Mishono ya Nje

Wiki iliyopita nilipita mbele ya duka moja la nguo za wabunifu, hapa katikati ya Brussels, nikaona koti dirishani nikasimama. Lilikuwa koti jeusi, refu, mishono yote iko nje, pindo halikukunjwa, nyuzi zinaning'inia. Kijana wa dukani aliniona nimeganda, akatoka kunichangamkia. Miaka ya tisini imerudi, madame, akasema. Nikamjibu ndiyo, najua. Na kweli najua, maana ndiyo kazi yangu: kampuni moja ya nguo inanilipa nitazame maonyesho ya jukwaani, halafu niwaambie watu watataka kuvaa nini msimu unaokuja. Mwanamke mzima, mwenye kazi hiyo, nimesimama njiani naogopa koti. Usinicheke. Acha nikusimulie.

Kazi hii sikujifunza chuoni. Nilifundishwa na Bibi, mama yake mama, tukiwa bado Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, na wala hayakuwa mambo ya urembo. Asubuhi Bibi alikaa barazani akipepeta mchele, lakini macho yake yalikuwa kwa wapita njia. Miaka ile ya vurugu redio ilichelewa kusema mambo, au ilisema mengine kabisa, basi yeye akasoma nguo. Akiona mwanamke kavaa kitenge juu ya kitenge na jua linawaka, anajua huyo anahama na nguo zake mwilini. Akiona wanaume wameacha kandambili na kufunga viatu vya kamba, vya kukimbilia, siku ya soko, anaingia ndani kufunga furushi. "Tazama viatu vya watu," aliniambia, "halafu uje uniambie polepole, usipige kelele." Alfajiri tuliyoondoka nilivaa gauni langu limegeuka, mishono nje, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuwasha taa. Baba alibaki nyuma afunge mlango, akasema anatufuata. Hatukumwona tena.

Hapa Ubelgiji tulipata nyumba mtaa wa Anderlecht, kwenye jengo refu ambalo lifti yake ilinuka supu ya vitunguu. Mama akapata kazi ya kushona Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, chumba cha nyuma cha duka la mama mmoja wa Bukavu ambaye sote tulimwita Maman wa duka. Jumatano shule ilifungwa mchana, kwa hiyo nilishinda pale. Nilipenda kila kitu: joto la pasi, mvuke wa chikwangue, ule mkate wa muhogo, kutoka jirani, harufu ya nywele zinazochomwa saluni, muziki wa Kilingala ukipita ukutani. Bibi alinifungia sambusa kwenye kitambaa. Kazi yangu ilikuwa kuokota pini sakafuni kwa sumaku na kuchomoa nyuzi za kushikizia.

Mara mbili kwa mwaka, majani yakianza kuanguka na tena baridi ikianza kulegea, duka liligeuka sikukuu. Maman wa duka alipata kaseti za maonyesho ya Paris na ya wabunifu wa hapa, akaziweka kwenye video, na wateja wakajazana na vitenge vyao kwapani. Walitaka kujua mapema: bega la msimu huu liko wapi, sketi imepanda au imeshuka, rangi gani imechoka. Maman wa duka alisimamisha picha na kugonga kioo kwa ukucha. "Angalieni mukono ile. Hii saison batu banavala mukono ya mupana. Bon, nani anataka?" Mama alikaa kwenye cherehani yake, mgongo kwa televisheni. "Wewe tazama," aliniambia, "mimi nina kazi mkononi. Utaniambia." Nami nilimwambia: Mama, bega limelala, mkanda umerudi, kijani ni kile cha maji ya dengu. Hakuwahi kugeuka kuhakikisha. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Halafu ikaja vuli moja, mwishoni mwa miaka ya tisini. Kaseti ilianza na wateja wakasogea karibu na kioo. Wasichana walitoka hawajachana nywele. Walivaa koti juu ya koti, mishono nje, mapindo yamechanika. Miguuni viatu vya kiume vya kamba. Mikoba wameikumbatia kifuani, hakuna anayetabasamu, wanatembea haraka wakitazama mbele tu.

"Ah bon," Maman wa duka alisema. "Sasa hii ni nini?"

"C'est la mode," mteja mmoja akamjibu, ndio mtindo wenyewe.

Mimi nilijua ni nini. Watu hawa walikuwa wanakimbia. Tena walikuwa Wazungu, matajiri, watu wa kwenye televisheni, na kama wao wameamka na kuvaa gizani, basi kuna jambo wameshaambiwa sisi hatujaambiwa.

"Umeona nini?" Mama akauliza.

"Mishono iko nje."

"Nje vipi?"

"Nje, Mama. Yote."

Cherehani ilisimama kidogo, halafu ikaendelea.

Tangu siku ile niliwaona kila mahali. Madirisha ya maduka yalijaa makoti yaliyogeuzwa. Pale metro ya Porte de Namur msichana mmoja alipita na gauni juu ya suruali juu ya soksi nene. Hata mwalimu wangu, mwanamke mpole aliyenuka sabuni ya limau, alikuja darasani na sweta lenye mishono nje, na nilipoinama kutazama chini ya meza yake, viatu vilikuwa vya kamba. Sikusikia somo hata moja siku ile. Nikaanza kwenda shule na magauni mawili, moja juu ya jingine, na nikisikia lifti inapanda naacha kula. Niliogopa, ndugu yangu, hofu ya mtoto ambaye anajua na watu wazima hawajui.

Mwishowe nikamwambia Bibi, polepole, kama alivyonifundisha. Hakucheka. Alijitanda mtandio wake, akanishika mkono tukapanda metro hadi mjini. Alisimama mbele ya dirisha moja muda mrefu, watu wakitupita. "Hawa wamevaa gizani," akasema. Sijawahi kuogopa kama dakika ile, kwa sababu nilikuwa nimempeleka pale aniambie kwamba nimekosea.

Tukarudi nyumbani akafunga furushi: dawa zake, mkate, picha ya Baba, nguo zangu. Kisha akaliona gauni lililotundikwa kabatini. Mama alikuwa amelileta kumalizia, la bibi harusi mmoja wa Kikongo, mtunza wagonjwa kwenye hospitali ya Jette, ambaye alitaka kuolewa na mtindo wa msimu. Gauni jeupe, mishono yote nje, pindo limeachwa wazi. Bibi aliligusa pindo lile kwa vidole viwili. "Mtoto wa watu hatoki kwa mama yake amevaa kama mkimbizi," akasema. Akaketi, akaigeuza mishono yote ndani, akakunja pindo mara mbili kwa mkono, nami namtungia uzi. Alipomaliza tulivaa makoti na viatu, tukakaa juu ya furushi mlangoni kumngoja Mama. Mimi nilikuwa na wazo moja tu kichwani: safari hii nani atabaki kufunga mlango. Niliamua nitamshika Mama mkono kabla hajasema kitu.

Mama aliingia. Alitutazama sisi, akatazama furushi, akatazama gauni.

"Mama, umefanya nini?" akamuuliza Bibi. "Mwenyewe anakuja kesho."

"Chukua mtoto, twende," Bibi akasema.

Nilidhani atafoka, maana mteja akikataa gauni lile, Maman wa duka angetafuta fundi mwingine. Badala yake alikaa sakafuni na koti lake, mbele yetu. "Hakuna anayekuja," alisema. "Ni nguo tu. Watu wanazinunua." Alisema mara nyingi, lakini mkono wake ulikuwa umeshika fundo la furushi na hakuliachia. Ndipo nikaelewa kwa nini dukani alikaa mgongo kwa televisheni.

Kesho yake bibi harusi alilivaa gauni mbele ya kioo cha duka, akageuka huku na huku.

"Maman, mi nilikuambia mishono ikuwe inje."

Mama akaanza kuomba msamaha, Maman wa duka akaanza kupandisha sauti. Yule dada akainua pindo, akalitazama. Akauliza ni mkono wa nani. Mama akasema ni wa mama yake mzazi, na akalazimika kueleza kwa nini. Duka lote likasikia.

Yule dada akashusha pindo. "Bon. Iache vile. Siku tulitoka Bukavu nilivala gauni ya mudogo wangu, ya kugeuka. Sitaki kuolewa vile."

Maman wa duka alizima televisheni.

Msimu uliofuata nguo zilikuwa nyepesi, za rangi, na mimi nikarudi kula. Sasa kwenye duka lile wanauza vifuniko vya simu. Kaseti zimekwisha, Maman wa duka amestaafu, Bibi tulimzika mbali na Buyenzi, chini ya mvua ya hapa. Nikitazama maonyesho siku hizi natazama peke yangu, kwenye kompyuta, na hakuna anayegonga kioo kuuliza nani anataka. Ninakosa kelele zile. Nakwambia kweli, ninakosa hata hofu ile, kwa sababu Bibi alikuwa ndani yake.

Jumamosi nilikwenda Anderlecht kumsaidia Mama kuhama. Anashuka nyumba ya chini, maana lifti imekufa na ngazi zimemshinda. Nyuma ya mlango nikakuta furushi lile la Bibi. Nilidhani lilifunguliwa miaka ile ile. Nikafungua. Picha ya Baba ilikuwemo. Juu yake koti la sufu, pindo limekunjwa mara mbili, bega limekatwa kwa mtindo wa msimu huu, kipimo changu. Chini yake koti dogo la binti yangu, mikono imeachiwa nafasi ya kukua.

"Mama, hili ni la mwaka huu."

"Nabadilisha kila msimu," akasema. "Ulitaka ukimbie na la zamani?" Akanipima kiuno kwa macho. "Umenenepa. Nitaachia mshono."

Nikamuuliza furushi nilipeleke wapi kule chini. Akanionyesha kwa kidevu: karibu na mlango. Nikaliweka. Nilipoinama nikaona miguu yake, imevimba kwa uzee, ndani ya nyumba yake mwenyewe, mchana mweupe. Alikuwa amevaa viatu vya kamba, amevifunga vizuri.